Inveta ya kilowati 5 na betri moja ya lithiamu: itanifikisha alfajiri? (Lamu)

Binti Langoni, Lamu

Asalaam aleikum nyote.

Niko Lamu mjini, mtaa wa Langoni, nyumba ya mawe ya chini na juu. Nauza samaki na barafu hapo hapo nyumbani. Stima ya huku ikitaka kuondoka haiagi. Majuzi ilikatika Alhamisi baada ya isha, ikarudi Jumamosi mchana, na friza ilikuwa imejaa tewa na kolekole wa watu waliokwisha kulipa. Barafu yote ikawa maji. Samaki niliwahi kuwakaanga nikagawa kwa majirani, pesa za watu nikarudisha.

Sasa nataka sola ya kuendesha nyumba, si ya taa na simu tu. Fundi aliyekuja kupima ameniandikia hivi: inveta ya haibridi (inayopokea jua, betri na stima) ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, paneli nne za wati 550, nyaya na kazi, jumla shilingi 420,000. Nilivyonavyo ni friza moja ya kifuniko cha juu, friji moja, feni tano za dari, televisheni, waifai, taa (zote za LED) na pampu ya hosipawa moja ya kupandisha maji ya kisima hadi tangini. Pasi ni ya Ijumaa. Kupika ni gesi na makaa.

Ninachotaka kujua: betri moja itanifikisha alfajiri, friza ikiwa inafanya kazi? Halafu binamu yangu wa Malindi ana betri nne za jeli za ampea-saa 200, zimetolewa kwenye mnara wa simu, ananipa kwa bei ya kindugu. Anasema 200 ni mara mbili ya 100, kwa nini ninunue lithiamu? Na la mwisho ni la mimi na mume wangu. Yeye ataka betri na inveta ziwe juu, kwenye banda la makuti karibu na paneli, ili waya uwe mfupi. Mimi nataka ziwe chini ya ngazi. Nani ana haki?

Kaka Majengo, Malindi

Dada usijisumbue, chukua za binamu. Volti 48 mara 200 ni 9,600. Hiyo lithiamu yako ni 5,120. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Tena jeli hazina mambo ya kompyuta ndani, zikiharibika unajua zimeharibika.

Fundi wa Maweni, Malindi

Waaleikumu salaam mwanangu. Mimi ni fundi stima, sola naifanya tangu zama za paneli ya wati 20 na betri ya gari chini ya kitanda. Nianze na jeli, maana Kaka Majengo ameshakuonyesha njia ya porini.

Hiyo 9,600 iko kwenye karatasi. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukitaka idumu huitoi zaidi ya nusu kila usiku. Kwa hiyo zikiwa mpya kabisa una 4,800, karibu sawa tu na lithiamu. Na hizo si mpya. Zimetoka mnarani, na hakuna anayetoa betri mnarani zikiwa bado zina nguvu. Pia betri za risasi zimepimiwa joto la nyuzi 25, na kila joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wake hukatika karibu nusu. Niambie chumba kimoja cha Lamu chenye nyuzi 25 mwezi wa tatu. Uzito nao: moja ni kilo 60 hivi, nne ni 240, uzivushe kutoka Mokowe kwa boti halafu uzipitishe vichochoroni kwa mkokoteni. Mshukuru binamu, umwambie akazitie kwenye taa za shamba.

Tuje kwenye lithiamu. 51.2 mara 100 ni wati-saa 5,120, yaani yuniti 5 na kidogo, yuniti ile ile unayonunua kwa tokeni. Acha sehemu moja ya kumi ndani ya betri isiguswe, toa na kile inveta inachopoteza ikigeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, unabaki na yuniti 4.1 hivi. Hicho ndicho ulichonacho toka magharibi mpaka jua lipande.

Je, zinatosha? Siwezi kukujibu, na fundi wako pia hawezi, mpaka tujue nyumba yako inakula nini usiku. Watu huchukua karatasi, wakaandika wati za kila kitu, wakajumlisha. Friza haiandikiki hivyo. Inawaka, inazima, na ukiwa umetia maji mapya ya barafu haizimi karibu usiku kucha. Anayejua ni mita. Saa kumi na mbili jioni soma yuniti zilizobaki, andika. Saa kumi na mbili asubuhi soma tena, utoe. Pampu usiiwashe usiku huo, kwa sababu ukipata sola pampu itakuwa kazi ya saa sita mchana. Na uchague usiku wa joto hasa. Ukipima wakati wa kusi, watu wamejifunika shuka na feni zimezimwa, utapata namba nzuri ya kukudanganya.

Kitu kingine. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Kama yako ni 1000, kila kupepesa ni wati-saa 1. Zima kila kitu, bakisha kitu kimoja, shika saa, hesabu sekunde kati ya kupepesa na kupepesa. Gawa 3,600 kwa sekunde hizo, umepata wati. Haina gharama, na inasema kweli kuliko karatasi iliyobandikwa nyuma ya friji.

Ukishapata jibu la usiku, ongeza 0.6. Hiyo ni ya inveta yenyewe. Nyingi za kilowati 5 zikiwa zimewashwa tu, hata bila kuendesha taa, zinakula wati 50 hivi. Masaa 12 ndiyo hiyo 0.6. Sijawahi kuona karatasi ya bei inayoitaja.

Halafu hiyo kilowati 5 uliyoandikiwa isikupe kiburi. Wati 5,000 kwa betri yako ya volti 51.2, ukiongeza na hasara ya inveta, ni zaidi ya ampea 100. Betri nyingi za ampea-saa 100 mtengenezaji hupendelea uzitoe ampea 50 kwa kawaida, na 100 ndiyo ukingo. Ukipita, ile BMS, kompyuta ndogo ya kuilinda betri iliyomo ndani, inakata nyumba nzima. Pampu ya hosipawa moja ni wati 746 za kazi ya mota, umeme inaovuta ikishazunguka ni zaidi ya hapo, na ile sekunde ya kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Friza nayo ina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo pasi na pampu zisionane.

Mahali pa kuweka: wewe ndiye mwenye haki, ingawa mumeo ana hoja. Waya mfupi ni muhimu, lakini ni waya gani? Ni ule wa kati ya betri na inveta, ndio unaobeba ampea mia. Huo uwe mnene, milimita za mraba 35, na usizidi mita moja na nusu. Wa kutoka kwenye paneli unabeba ampea 13 hivi tu kwa volti nyingi, unaweza kushuka ghorofa mbili kwa waya wa 6 na hutajua umepoteza nini. Kwa hiyo betri na inveta zikae pamoja chini ya ngazi, ukuta mnene wa mawe, kivuli mchana kutwa. Zitundike, zisikae sakafuni, maana nyumba za Lamu chumvi inapanda ukutani toka chini. Acha nafasi ya hewa, lakini si mkabala wa dirisha la baharini, kwa sababu feni ya inveta huvuta hewa ndani na hewa yenu ina chumvi. Makuti hapana kabisa. Kiungo kimoja cha waya kikilegea kikapata moto juu ya makuti, mtaa wote utakimbia na ndoo.

Lete namba tuzione.

Kaka Majengo, Malindi

Mzee umenimaliza. Za kwangu ziko kwenye kibanda cha mabati na mwaka jana zilinunuliwa mpya. Sasa naelewa kwa nini saa nne usiku inveta inapiga kelele.

Binti Langoni, Lamu

Shukran sana mzee, Mungu akuweke. Nimepima. Joto la Machi hili, kaskazi imekufa, upepo hamna, kwa hiyo usiku wa joto sikuutafuta.

Jioni mita imesoma 41.8, asubuhi 37.1. Yaani 4.7. Nilijua ni friza, nikataka kumuonyesha mume wangu. Kijana wangu akafanya ile ya taa nyekundu (mita yetu ni 1000). Akazima kila kitu akabakisha feni tano. Inapepesa kila sekunde 12. Tulikaa pale mlangoni na simu tukihesabu, wapita njia wakidhani tokeni imekwisha.

3,600 gawa kwa 12 ni 300. Feni zangu zinakula wati 300! Zinawaka toka saa tatu usiku mpaka alfajiri. Friza tulipoiacha peke yake, ikiwa inawaka ni wati 150 hivi, lakini inapumzika.

Kwa hiyo hesabu yangu ni 4.7 na 0.6, jumla 5.3, na betri ina 4.1. Ninunue betri mbili?

Mvuvi wa Shela, Lamu

Dada mimi si fundi, lakini sola niliwekewa hapa Shela, na kuna mambo ambayo mzee wa Malindi huenda hayaoni kwa sababu yeye lori linafika mlangoni.

Paneli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28, upana 1.13, kilo 28. Ni kioo. Kwenye boti zisimame wima, zifungwe na magodoro katikati, zisilazwe moja juu ya nyingine hata nahodha akisema nafasi hamna. Kutoka jetini hadi kwako zibebwe na watu wawili wawili, mkokoteni unatingisha na punda anaweza kujikuna ukutani na paneli ikiwa kiunoni. Halafu pima ngazi zako kabla hujalipa. Ngazi zetu za mawe zina kona, na paneli haipindi. Zangu zilipandishwa kwa kamba ukutani, kwa nje, watoto wa mtaa wote wakitazama.

Paa: nyumba yako ni ya boriti na chokaa, sivyo? Msimruhusu mtu atoboe sakafu ya juu kutia skrubu. Tundu moja, mvua za Mei zinaingia, boriti inaoza na wewe huioni. Wengine wanaweka matofali ya zege kama uzito wa kuzuia upepo. Hilo nalo liangalie, boriti hazikukatwa kubeba zege katikati ya chumba. Vyumba vyetu ni vyembamba, hazifiki mita tatu, kwa sababu boriti ndio urefu wake. Fremu zitoke ukuta hadi ukuta, uzito ukae juu ya kuta.

Nati na bolti ziwe za stenlesi, ile inayoandikwa 316. Za zinki huku hazimalizi misimu mingi, na zikioza kusi ikivuma paneli inageuka tanga.

Kuosha, maji matamu. Kisima chako cha Langoni kama ni cha maji ya chumvi usithubutu, kitakachobaki kwenye kioo ni chumvi juu ya chumvi. Osha mapema asubuhi kioo kikiwa baridi.

Tena mjini kwenu si kama Shela. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na ofisi ya uhifadhi ina maoni yake kuhusu kinachosimama juu ya mapaa, hasa yanayoonekana kutoka baharini. Nenda uwaulize kabla, uwaonyeshe mchoro. Ni rahisi kuliko kuambiwa ushushe.

Fundi wa Maweni, Malindi

Mvuvi, ahsante. Hilo la ngazi kweli nisingelifikiria.

Mwanangu, usinunue betri ya pili. Bado. Nunua feni.

Feni zako ni za mota ya kizamani, wati 60 kila moja. Siku hizi kuna feni za dari zenye mota ya DC, zinakuja na rimoti, na zinakula wati 30 hivi kwa upepo ule ule. Tano ni wati 150. Masaa 9 ya usiku, ulikuwa unakula yuniti 2.7, sasa utakula 1.35. Usiku wako unashuka kutoka 4.7 hadi 3.35. Ongeza ile 0.6 ya inveta, 3.95. Betri ina 4.1. Umefika alfajiri, na feni tano hazifiki bei ya betri.

Lakini umefika kwa ncha ya kucha, na betri hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo fanya mawili. Maji ya barafu yatie asubuhi, si jioni. Ukitia saa tatu asubuhi, friza inagandisha kwa jua la bure na magharibi inakuwa ya kutunza baridi tu. Ikijaa na isipofunguliwa-funguliwa, inaweza hata kuzimwa masaa machache ya usiku. La pili, hakikisha betri unayonunua inakubali mwenziwe wa aina ile ile kuungwa sambamba, na ukutani uache nafasi yake. Biashara ikikua utaongeza.

Paneli nne ndizo zinazonitia wasiwasi. Pwani yetu tunahesabu kama masaa 5 ya jua kamili kwa siku. Nne ni kilowati 2.2, mara 5, halafu toa robo kwa ajili ya joto, vumbi na hasara za njiani, unapata yuniti 8 na robo. Usiku utakula karibu 4. Mchana kuna friza, friji, pampu, feni za watu waliolala adhuhuri, na inveta yenyewe, nayo ni 4 na ushei. Hakuna kinachobaki. Siku ikiwa na wingu hutajaza betri, na stima ikiwa imekatika siku mbili kama ile Alhamisi yako, usiku wa pili utakaa gizani. Weka sita. Hizo zinakupa 12 na kitu. Masika ya mwezi wa tano bado zitayumba, lakini hutaumbuka.

Sita ukiziunga mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, volti bila mzigo ni karibu 300. Soma kwenye inveta sehemu ya sola: nyingi za kilowati 5 zinapokea hadi 500, lakini ziko za bei ya chini zinazoishia 145. Ukiunga mfululizo kwenye hiyo ya 145 umeiua siku ya kwanza. Na volti 300 za DC si za kugusa. Breka ya upande wa paneli iwe ya DC kweli, imeandikwa DC. Ya kawaida ya ukutani ikikata DC cheche haizimiki, inaendelea kuwaka ndani. Upande huo weka pia kinga ya radi.

Paneli zielekee kaskazini kidogo, mlalo wa nyuzi 10. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo ule mwinamo ni wa mvua kuosha kioo zaidi kuliko wa kulitafuta jua.

Fundi wako muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kwa mfumo wa haibridi kama huu anatakiwa awe daraja la T3. Akikuambia ana uzoefu, mwambie uzoefu ni mzuri, leseni iko wapi.

Binti Langoni, Lamu

Mzee nimekuelewa kabisa. Feni nimeshamuagiza mtu anayetoka Mombasa. Fundi nimemuuliza leseni, kanionyesha, ni T3 kweli, na paneli sita amekubali. Nimebakisha moja: stima ya huku ikiwepo wakati mwingine ni dhaifu, taa zinafifia na friji inanguruma. Inveta itasaidia au italeta mengine?

Fundi wa Maweni, Malindi

Itasaidia, ila lazima uiambie. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuchagua stima ya aina gani ikubaliwe. Nyingi zinakuja zimewekwa APL, ambayo inapokea hata volti 90 na kuzipeleka moja kwa moja kwenye friji yako. Ibadilishe iwe UPS. Hapo ikishuka chini ya 170 inaikataa na kuhamia betri. Kompresa ya friji inayokufa kwa volti ndogo ni ghali kuliko siku nzima ya fundi.

Mpango wa kawaida uweke SBU, jua kwanza, betri ya pili, stima ya mwisho, na betri ikifika asilimia 20 irudi kwenye stima kama ipo. Masika yakianza igeuze, stima itangulie na betri ikae imejaa ikisubiri kukatika. Kuuza umeme nje kuwe kumefungwa, hilo lina mkataba wake. Na siku ya kwanza, kabla hujamlipa fundi salio, zima swichi kuu ya stima mbele yake, kisha apime kwa kipimo waya wa stima ulio kati ya swichi hiyo na inveta. Pasiwe na volti hata moja inayorudi nje, kuna mtu anaweza kuwa juu ya nguzo.

Arthi nayo usikubali fimbo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu. Iende mpaka penye unyevu, karibu na kisima pangefaa, na apime.

Tangi la maji liko upande gani wa paa? Kama kivuli chake kinaweza kuangukia paneli, lihamishwe kabla hazijapandishwa. Kivuli cha tangi kwenye paneli moja kinavuta chini mfululizo wote.